Bandi Kabla ya Cherehani

Barazani kwa fundi Hamdun, pale mtaa wa Nateete, enzi za utawala wa wanajeshi, cherehani iliimba tangu asubuhi. Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa jua. Majirani walipita na habari zao: nani kapata sukari, nani kaolewa, nani haonekani tena. Hilo la mwisho walilisema kwa sauti ndogo.

Hamdun alikuwa akishona sare ya Sajini Kamis. "Ijumaa saa nane mchana naichukua," askari alimwambia. "Isipokuwa tayari, utanijua."

Tangu hapo Hamdun hakulala vizuri. Ndotoni aliona mikono ya koti ikiruka juu ya mapaa, bila mtu ndani.

Ijumaa asubuhi akagundua kosa. Mkono wa kulia ameushona kushoto.

"Acayo, ni wewe umenipa mkono huu vibaya. Mjinga wewe," akafoka.

Acayo, fundi wa vifungo, aliweka sindano chini. "Miaka mitano sijatukanwa hapa, mzee. Naenda kwetu." Akaanza kufunga mfuko wake.

Bila Acayo, sare isingekwisha.

Bi Zulaika, nesi wa jirani, alikuwa kaja kuchukua gauni na umbea kidogo. Alisikia yote.

"Hamdun, kitambaa unakipeleka moja kwa moja kwenye cherehani?"

"La. Napiga bandi kwanza. Uzi mweupe, mishono mirefu, nikikosea nafumua."

"Basi na maneno yapigie bandi. Moyo unadunda. Jiulize: hii ni hasira au hofu? Ipe jina lake. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Kisha mtazame mwenzio, naye kabeba lake. Ndipo useme."

Hamdun akavuta pumzi. "Ni hofu," akasema. "Namwogopa yule askari. Acayo hana kosa."

"Usiniambie mimi, mwambie yeye. Mimi nitaupeleka umbea sokoni tu," Bi Zulaika akasema.

Acayo akacheka bila kutaka. Hamdun akamwomba radhi. Mfuko ukafunguliwa.

Saa nane Kamis akaingia. Mkono wa koti ulikuwa bado umeshikwa na uzi mweupe.

"Iko wapi?" Akapiga meza kwa kiganja.

Moyo wa Hamdun ukaruka. *Ni hofu*, akajiambia. Akavuta pumzi, akamtazama askari. Macho mekundu, midomo mikavu.

"Afande, nilikosea mkono mmoja. Naurekebisha, nusu saa tu. Naona umechoka. Kaa kivulini."

Acayo akasogeza kigoda.

"Kesho kuna gwaride," Kamis alisema taratibu. "Nikikosa sare, mkubwa wangu..." Hakumaliza. Akakaa.

Cherehani ikaimba. Kabla mkono haujaisha, askari alikuwa amelala, kofia magotini, kama mtoto aliyechoka kulia.

Walimwamsha kwa upole. Koti lilimkaa sawasawa.

"Wiki nzima sijalala," alisema, akaenda zake.

Askari hakubadilika, wala nyakati zile. Ila Hamdun alianza kulala. Ndotoni mikono ya koti ilitulia mezani, imekunjwa. Na siku sauti yake ikipanda kazini, Acayo huinua uzi mweupe. Hamdun huutazama, akavuta pumzi.