Nyuzi Nene za Nondo

"Nani amegusa gitaa langu?"

Sauti haikuwa kubwa, lakini chumba kizima nyuma ya jukwaa kilinyamaza. Mpiga ngoma aliacha kutafuna. Kiongozi wa bendi, mzee wa gitaa la besi ambaye hata bomu likilipuka huuliza kwanza limelia kwa kii gani ya muziki, aliinua kichwa.

"Nauliza kwa ustaarabu kabla ustaarabu haujaisha. Nani amegusa gitaa langu?"

Aliyeuliza ni dada mfupi, mwembamba, ambaye bendi nzima ilimwita Sisimizi. Jina lilianza kama kejeli likageuka heshima, maana sisimizi hubeba mzigo unaomzidi uzito na wala haombi kusukumwa. Alikuwa amepiga gitaa la ridhim, lile la kusindikiza, hadi watu wakasahau kwamba yupo. Leo, kwenye onyesho la saa kumi jioni, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kiti cha solo, cha gitaa linaloongoza. Ukumbi ulikuwa umeanza kujaa, na miluzi ilisikika hadi humo ndani.

Kwenye kona, mtu akacheka cheko la kushiba.

"Mimi, mpenzi. Nani mwingine angethubutu?"

Huyo alikuwa Nondo, mpiga solo aliyekuwa akikiachia kiti hicho, na mchumba wa Sisimizi. Jina lake lilitokana na nyuzi. Wapigaji wengi wa gitaa la umeme huweka nyuzi laini, za tisa au za kumi. Yeye alijisifu kwamba huweka za kumi na tatu, nene kuliko zote dukani, kama nondo za kujengea. Inasimuliwa kwamba siku moja uzi wake ulikatika, wakaufungia gari lililokwama matopeni, wakavuta, na gari likatoka. Mwenye gari anakana, lakini huyo hana shukrani tangu utotoni.

"Umeniwekea nini humu?" Sisimizi aliuliza.

"Za kumi na tatu. Nyuzi zangu!" Nondo akajipiga kifua. "Kwenye bendi hii, anayeachia kiti humvisha mrithi wake nyuzi zake. Mimi nilivishwa na aliyenitangulia, naye alivishwa na wake. Muulize Kiongozi."

"Ndio utaratibu wetu," Kiongozi alikubali. "Ila huwa tunamwambia mtu kwanza."

"Nikimwambia itakuwa zawadi tena?"

Sisimizi alililaza gitaa mapajani akalichungulia toka kichwani. Nyuzi zilikuwa zimekaza kama mishipa ya mdai. Zilikuwa zimeivuta shingo ya gitaa ikapinda mbele, na nafasi kati ya uzi na ubao ilimtosha panya kupita na mizigo yake. Akajaribu kuvuta uzi upande, ule mvuto wake wa kuliza, uliompatia kiti. Ilikuwa kama kumsukuma tembo aliyelala.

"Nondo, gitaa hili nimelipanga kwa nyuzi za tisa. Shingo, daraja la kushikia nyuzi, vyote. Ukibadilisha unene, unarekebisha kila kitu. Wewe umekaza tu, ukaenda zako kunywa soda."

"Shingo itazoea."

"Shingo ya gitaa si ya bwana harusi. Haizoei!"

Bendi ikaangua kicheko. Nondo hakucheka.

"Sikiliza, Sisi. Za tisa ni nyuzi za kushonea vifungo. Ukivuta kwa hamaki, puu! Umeumbuka mbele ya ukumbi mzima. Mimi nakulinda."

"Sauti yangu iko kwenye kuvuta."

"Sauti iko kwenye unene! Muulize mtu yeyote."

"Nikimuuliza mtu yeyote atanijibu maneno yako. Wewe unasema, wao wanarudia."

Akafungua mkoba, akatoa koleo na pakiti ya nyuzi za tisa, pakiti yake ya mwisho.

"Unafanya nini?"

"Nazivua."

"Mbele ya watu?"

"Umenivisha kwa kificho, mimi navua hadharani. Hapo mwenye adabu nani?"

Mpiga ngoma akajikohoza ili asicheke tena. Nondo alisimama, na aliposimama chumba kilipungua.

"Sisimizi. Ukizitoa hizo, umenitoa na mimi."

Koleo likasita hewani. Kesho yake mchana, Nondo alikuwa ampeleke Sisimizi kwa shangazi aliyemlea yeye Nondo tangu angali wa kubebwa. Bila neno la shangazi huyo hakuna harusi. Sisimizi alikwisha kupiga pasi gauni la kuvaa huko, na alikwisha kufanya mazoezi ya kusema shikamoo bila kutetemeka.

"Unasema kweli, au ni hasira?"

"Nondo haipindwi."

"Basi baki umenyooka."

Ta! Uzi wa kwanza ukakatwa. Nondo akatoka, akaubamiza mlango hadi kitasa kikabaki mkononi mwake, akalazimika kurudi kukirudisha, jambo ambalo huharibu sana hasira ya mtu.

Sisimizi alikuwa kwenye uzi wa nne simu ilipotetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Nondo:

"Kesho usijisumbue kuja kwa shangazi. Mtu asiyetaka jina langu kwenye gitaa, atalitaka vipi kwenye nyumba?"

Akaandika, akafuta. Akaandika tena.

"Jina lako nalitaka. Vidole vyako ndivyo sivitaki, maana ninavyo vyangu."

Akaona umesomwa. Jibu halikuja.

"Binti," Kiongozi akasogea taratibu, "umemaliza kuweka?"

"Nimemaliza, baba."

"Na moyo?"

"Huo nitautyuni baadaye. Twende."

Walipanda jukwaani. Nondo alisimama upande wa kushoto na gitaa lake, akapiga ridhim bila kumtazama mtu. Gitaa lile lilikuwa na sifa yake: halikuguswa na kiumbe mwingine. Alilibeba hadi chooni. Aliwahi kumwambia fundi wa ukumbi kwamba gitaa ni kama mswaki, hata ndugu haazimwi.

Wimbo wa kwanza watu walisikiliza wakiwa wamekunja mikono. Wimbo wa pili mikono ikakunjuka. Sisimizi aliuvuta uzi taratibu, sauti ikapanda kama mtoto anayeanza kulia halafu akabadili mawazo akacheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele alisimama bila kujijua. Kiongozi, ambaye hujulikana kwa kutotabasamu akiwa kazini, alionyesha jino moja.

Wimbo wa tatu, ulipofika pale pa mvuto mkubwa, Sisimizi alifumba macho akavuta.

Puu!

Uzi wa kwanza ukaruka ukaning'inia kama sharubu la kambare. Na ubaya haukuishia hapo. Daraja la gitaa lake lilishikiliwa na springi, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zote hupoteza sauti yake sahihi. Kila alichogusa kikalia ovyo. Pakiti ilikuwa imekwisha.

Ngoma na besi zikaendelea kuzunguka palepale, zikimsubiri. Sauti ya kiume ikapasuka kutoka nyuma ya ukumbi:

"Si tulisema! Mrudishieni Nondo kiti chake!"

Watu kadhaa wakacheka. Sisimizi akageuka kumtazama mchumba wake. Alitegemea kukuta tabasamu la nilikwambia. Alikuta uso wa mtu aliyeamriwa avue nguo sokoni.

Akamsogelea. "Nipe gitaa lako!"

"Za kumi na tatu hizi! Hutaziweza!"

"Nipe hivyohivyo, nife nazo!"

"Sisi... tafadhali."

Tafadhali! Mtu huyu hakuwahi kusema tafadhali hata kwa daktari wa meno. Sisimizi alishangaa, lakini nafasi ya kushangaa haikuwepo.

"Kiti chake! Kiti chake!" kule nyuma wakaanza kuimba.

Nondo aliutazama ukumbi. Akalitazama gitaa. Halafu akauvua mkanda begani mwake, akamvalisha Sisimizi kwa mikono yake mwenyewe, watu wote wakiona, akamnong'oneza:

"Unisamehe."

Sisimizi alidhani anaombwa radhi kwa ule ujumbe wa simu. Akauma meno. Akajiandaa kumsukuma tembo. Akakusanya nguvu za mabega na mgongo, akauvuta uzi kwa hasira zake zote.

Uzi ukaenda kama mlenda!

Sauti ilipaa ikapita ilipokusudiwa, ikakaribia kugonga dari. Kwa bahati vidole vyake vina akili kuliko mwenyewe: vikaishika ile sauti kulekule juu, vikaitetemesha, vikaishusha polepole kama kwamba ndivyo ilivyopangwa. Ukumbi ukalipuka.

Akavuta tena, kwa upole sasa. Laini. Akavuta wa pili. Laini. Mpigaji anaweza kudanganywa macho na masikio, ila si ncha za vidole. Hizo zilikuwa nyuzi za tisa.

Akamtazama Nondo. Nondo alikuwa akivitazama viatu vyake kama vinaonyesha sinema.

"Sikieni nondo hizo!" yule mtu wa nyuma akapayuka, safari hii kwa furaha. "Chuma kinalia!"

Sisimizi akang'ata mdomo asicheke, akapiga. Akapiga hadi waliokaa wakasimama, na waliosimama wakapanda viti.

Baadaye, wenzao wakiwa bado wanapokea mikono ukumbini, Sisimizi alimfuata kule nyuma na kuufunga mlango.

"Tangu lini?"

"Punguza sauti, mpenzi."

"Sipunguzi. Umeanza lini kutumia za tisa?"

Nondo akakaa juu ya sanduku la spika. Akanyoosha mkono wa kushoto. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi.

"Tangu hivi vilipoanza. Asubuhi nilikuwa siwezi kufunga kifungo cha shati. Daktari akasema nipumzishe mkono, la sivyo niache gitaa kabisa. Nikaweka laini, nikaongeza besi kwenye amplifaya. Na watu wakaanza kusema, Nondo sasa amekomaa."

"Na zile pakiti za kumi na tatu unazonunua dukani, ukipaza sauti ili mtaa mzima usikie?"

"Zimejaa chini ya kitanda. Seti moja ndiyo niliyokuwekea."

"Kwa hiyo ulinitwika mzigo uliokushinda wewe!"

"Nilitaka ubaki na jina. Kwangu lilikuwa limekwisha kuwa la uongo. Nikasema, huyu ni Sisimizi, labda kwake litakuwa la kweli."

Sisimizi alitaka kukasirika, hasira ikamponyoka. Akauchukua ule mkono uliovimba akauweka kwenye magoti yake.

"Ungekataa kunipa gitaa. Ungesema lina hitilafu."

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Yule bwege alipoanza kuimba kiti changu, nikaona hapa itaanguka heshima ya mmoja wetu. Na yangu ilikuwa haina miguu siku nyingi."

Mlango ukafunguka. Kiongozi akaingia na bendi nzima, jasho linamtiririka.

"Nondo! Hongera! Nyuzi zako nene zimetuokoa, wallahi! Si huwa nasema?"

Sisimizi aliugeukia ukuta. Siri haikuwa yake kuitoa. Akangoja. Kama Nondo angeinyamazia hii, kesho angenyamazia ipi?

Nondo akasimama.

"Kiongozi, hazikuwa nene. Ni za tisa. Na si za leo. Ni za mwaka mzima uliopita, na zaidi."

Kiongozi akahesabu kwa vidole.

"Subiri," Kiongozi akasema. "Huo mwaka uliopiga vizuri kuliko maisha yako yote?"

"Huo huo."

"Na mimi nikawalazimisha wapigaji wa bendi mbili nyingine wanunue za kumi na tatu ili wafike ulipofika wewe?"

"Samahani, Kiongozi."

"Mmoja ameacha muziki! Anauza matofali!"

Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kucheka, akajishika mbavu, na kicheko kikaambukiza chumba. Nondo alisimama katikati yake kama mtu anayenyeshewa mvua aliyoiomba. Kiongozi akafuta macho, akainua kidole.

"Haya. Kuanzia leo, anayepokea kiti atajichagulia nyuzi zake. Anayekiachia atamvalisha mkanda tu, kama tulivyoona leo. Imepita?"

"Imepita!"

Walipobaki wawili tena, Sisimizi akaitoa simu, akauonyesha ule ujumbe.

"Na huu?"

"Ufute."

"Siufuti mimi. Ufute wewe, na kwa mdomo."

Nondo akavuta pumzi. "Naomba uje kwa shangazi kesho."

"Nije kama nani?"

"Hilo niachie."

Kesho yake mchana walikuta shangazi amekaa kwenye kiti cha mikono, amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani wa akiba. Sisimizi akapiga goti, akatoa shikamoo ambayo haikutetemeka.

"Marahaba. Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?"

"Mdogo kwa macho, shangazi," Nondo akajibu.

"Na kwenye hiyo bendi yenu anafanya nini? Anaitikia?"

Sisimizi alifungua kinywa, Nondo akamtangulia.

"Ndiye mpiga solo wetu. Mimi namfuata nyuma."

Shangazi akabadilisha miwani ili amwone vizuri.

"Wewe? Umfuate mtu? Wewe uliyegoma kutambaa kwa sababu watoto wenzako walikuwa wamekutangulia?"

"Mimi, shangazi. Tangu jana."

"Na unalisema huku umeinua kidevu namna hiyo!"

"Ungemsikia jana, ungeinua na chako."

Shangazi alimtazama mtoto wake muda mrefu, akamtazama na binti. Kisha akaondoa mto uliokuwa kwenye kochi kando yake, mto ambao hakuna mgeni aliyewahi kuondolewa, akapapasa mahali pale kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Huyu atakaa hapo nyuma yako. Si ndipo alipopachagua mwenyewe?"