Bibi Arudi Kwenye Cherehani

Kila alipotoka shule, Chiriku alitua mkoba, akanawa mikono, kisha akaenda barazani kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa fundi cherehani. Sare nyingi za watoto wa mtaa ule zilipita mikononi mwake.

Kisha Bibi akaugua homa ya mapafu. Alilazwa, akapona, akarudi nyumbani, lakini nguvu za miguu hazikurudi naye. Hakuweza kuinuka kitini bila kushika meza, na akikanyaga pedali kidogo tu, mapaja yalitetemeka. Mama akaanza kutafuta mtu wa kuinunua cherehani. Bibi aliifunika kwa kitambaa, akageukia dirishani.

Mjomba alileta kopo kubwa la unga wa protini lenye picha ya kijana mwenye kifua kama kabati.

"Nikilimaliza hili nitakuwa hivi?" Bibi aliuliza.

"Utanizidi hata mimi, Mama," mjomba alijibu, wakacheka.

Tangu hapo Bibi alikunywa unga ule asubuhi na jioni, chakula akakiacha. Hamu ilikuwa imempotea tangu augue. Mama akitoka tu, alimsogezea Chiriku sahani.

"Nimalizie, mjukuu wangu. Mimi nimeshashiba dawa yangu. Mama yako usimwambie, ataniona mkaidi."

Chiriku akala mayai, akala maharage, akala samaki, na mdomo wake ukatiwa kufuli. Macho, hata hivyo, yaliona. Nguo za Bibi zilizidi kumpwaya. Alasiri moja alijaribu kuinuka, akarudi kitini puu, kama gunia lililotupwa.

Mama akampeleka Bibi kliniki, Chiriku akafuatana nao. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mwenye raba nyeupe, alimminya Bibi mapaja taratibu, akauliza, "Anakula vizuri?"

"Vizuri sana," Mama alijibu. "Sahani inarudi tupu."

Chiriku alimtazama Bibi. Bibi alitazama sakafu.

"Anayeimaliza ni mimi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, Bibi. Naogopa utaanguka."

Mama alifungua mdomo, lakini Bibi akamtangulia. "Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemtwika siri hiyo, nikabaki kunywa unga wa protini tu."

Mtaalamu akavuta kiti karibu. "Bibi, unga huo unaweza kumsaidia mzee ambaye chakula hakimtoshi, ila daktari akupime figo kwanza, aseme kiasi kinachokufaa. Usiuache uchukue nafasi ya sahani. Tena misuli ya mtu mzima hupungua upesi akilala kitandani. Ukiilisha bila kuipa kazi, nayo inalala."

Kazi ikaanza. Bibi alikula kidogo kidogo, mara nyingi: yai, maziwa, maharage yaliyolainika, na unga ukakorogwa kwenye uji kwa kipimo cha daktari. Katikati ya milo aliinuka kitini na kukaa, akashika ukuta na kupandisha visigino. Alitoka jasho kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Siku nyingine alisema, "Leo miguu imegoma," akavuta pumzi, akainuka tena. Chiriku, ambaye hesabu moja ngumu ilitosha kumfanya afunge daftari, alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kuona ushujaa wa kimya namna ile.

Mvua za msimu zilipokwisha, jirani alikuja na kitambaa cha gauni. Bibi alikunja mikono kifuani, akainuka bila kushika chochote, akampima mabega. Kisha akaketi kwenye cherehani na kukanyaga pedali. Alipochoka alipumzika, halafu akaendelea. Mama, akiwa mlangoni, alimpigia simu mnunuzi aliyekuwa amempata na kumwambia cherehani haiuzwi.

Bibi akamwita mjukuu wake.

"Jasho lilikuwa langu," alisema, "lakini bila maneno yako pale kliniki, ningekuwa bado nanyauka na kopo langu. Ukimpenda mtu, usimfichie jambo linalomdhuru, hata akikuomba mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya, shika ncha hiyo ya kitambaa. Tukate."