Chupa ya Seji

"Umempa nini mwanangu, Bibi Walburga? Sema!"

"Seji, mama. Majani yale yale uliyonawia wewe mwaka jana, chunusi zikakauka, ukaja kunishukuru na kuku."

"Usinitajie kuku! Nenda zahanati ukamwone Ephrasia, uso umeumuka kama andazi!"

Mama Ephrasia alisimama uani, kanga imemlegea kiunoni, na nusu ya kijiji cha Namswea imeshajaa nyuma yake. Ugomvi wa jirani hauhitaji kengele. Avelina, mjukuu wa bibi, alikuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja, kama alivyofanya kila Jumamosi. Mkono wake ulisimama.

Seji ni mmea mfupi wenye majani ya kijivu, yana manyoya kama ulimi wa paka. Bibi alipewa mche na masista. Aliyachemsha majani, akayachuja, akayaacha yapoe. Aliyenawa maji yake kwa subira, ngozi yenye mafuta ilikauka na chunusi zikapoa. Hata kikwapa kilipungua. Kazi ya Avelina ilikuwa kuosha chupa kwa maji ya moto na majivu, kisha kuzijaza.

Jana jioni Ephrasia alikuja mbio. Kipaimara chake kanisani kilikuwa Jumapili, na alikuwa na chunusi tatu puani. Chupa safi hazikuwepo, na wenzake Avelina walikuwa wakiruka kamba barabarani. Avelina akachukua chupa ya soda nyuma ya ghala, akaisuuza kwa maji baridi, akaijaza.

Alijua chupa ile ilitoka wapi. Soko huria lilikuwa limeingia, chama cha ushirika kiko hoi, na dawa ya kunyunyizia kahawa ikauzwa na wachuuzi katika chupa yoyote, bila hata karatasi ya jina. Bibi alikuwa amemkataza kuzigusa.

"Kizee kinawapa watoto sumu!" sauti ilipaa kutoka kwenye umati.

"Wajukuu zake mbona hawavimbi?" mwingine akadakia.

Mama Ephrasia akaung'oa mche wa seji na mizizi yake, akawatupia mbuzi. Mbuzi wakaunusa, wakageuka.

"Hata mbuzi wamekataa!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Bibi Walburga alimtazama Avelina. Avelina akatazama kahawa.

Ndipo Joakim, kaka yake Ephrasia, alipofika anahema. "Mama, jicho halifunguki! Nesi anasema hawezi kutibu kitu asichokijua. Ndani ya chupa mlikuwa na nini?"

Avelina aliinua uso kutoka kwenye kahawa.

"Dawa ya kahawa," alisema. "Ni mimi. Sikuiosha chupa."

Kofi la Mama Ephrasia lilimwangusha juu ya kahawa. Hakuna aliyemwinua. Wote walikimbilia zahanati. Yeye akawafuata nyuma, mdomo ukitoka damu.

Nesi alipojua kuwa ni dawa ya kahawa, alimwosha Ephrasia jicho kwa maji mengi, akampeleka hospitali ya Mbinga. Jicho likapona. Shavu halikupona vizuri: lilibaki na baka jeusi, na shuleni wenzake wakamwita Kahawa Mbovu. Kila walipomwita hivyo, Avelina alisikia. Kipaimara kilimpita.

Siku ile waliporudi nyumbani, bibi aliupanda tena mche uliong'olewa.

"Seji haikumuunguza mtu," alisema bila kugeuka. "Uvivu wako ndio uliomla shavu, na kimya chako kilitaka kumla jicho. Kosa ukilisema mapema, linakuuma wewe. Ukilificha, linakwenda kuwauma wengine."

Tangu hapo Avelina aliteka maji kwa Mama Ephrasia kila asubuhi. Aliitua ndoo mlangoni, akasema, "Shikamoo, mama." Hakuitikiwa. Akaondoka, kesho yake akarudi. Majirani walipita wakimwuliza kwa kicheko kama leo ameleta sumu au maji.

Mche wa seji ulipoanza kuchipua, Ephrasia alichungulia mlangoni, baka lake likimeremeta kwa jasho la jikoni.

"Mama, ugali unapoa. Na huyu bado amesimama."

Mama Ephrasia aliitazama ndoo, akamtazama Avelina kwa muda mrefu.

"Marahaba," alisema. "Ingia tule. Lakini nawa kwanza, nami nikuone unavyonawa."