Baba Yangu wa Vyuma

"Nani kafa?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza babangu kumwambia mwanamume niliyetaka anioe. Hakuitikia salamu wala hakumkaribisha kiti. Alisimama uani kwetu Majengo, Mombasa, blanketi limeanguka miguuni pake, anamtazama mzee wa chuma aliyesimama mbele yake. Na mzee huyo alikuwa yeye mwenyewe, kipara chake, bega la kushoto lililoshuka, mdomo uliobanwa wa mtu anayengoja kudanganywa.

"Hakuna aliyekufa, Baba," Joab akajibu huku anatabasamu. "Ni zawadi. Ni wewe."

Mama akaingia ndani, akafunga mlango. Baba mdogo wa Joab, aliyekuja na tai yake ya enzi za reli kuniposa kwa niaba ya ukoo, akainama kutazama viatu vyake.

"Ni mimi," Baba akasema taratibu. "Kijana, wanizika n'kiwa nakutazama?"

Sasa nieleze, maana najua hata wewe unayesoma unasema, Dama, mbona zawadi yenyewe nzuri? Sisi ni Wagiriama. Babangu, Mzee Ngowa, ni mzee wa kanisa na Jumapili hakosi. Lakini kwetu mtu husimikiwa sanamu akishakufa. Huchongwa mti, ukasimamishwa, marehemu akapata pa kutulia. Tunauita koma. Hakuna anayesimikiwa wake akiwa hai, anakunywa chai na mkate wa sinia. Joab angeniuliza, ningemweleza hata kabla hajawasha mashine yake ya kuchomelea.

Lakini Joab haulizi. Joab Oloo kazaliwa Makande, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na kazi yake ni kuokota vyuma vilivyotupwa na kuvifanya viumbe. Ana kibanda cha mabati Kibarani, na humo mna kasa wa vifuniko vya injini, korongo wa spoku za baiskeli, na punda wa gia ambaye kila mteja humtaka na yeye hamuuzi, eti sikio moja bado halijamridhisha. Mwanamume huyu kaniacha katikati ya barabara Makadara, tuktuk zinanipigia honi, kwa sababu kaona springi mtaroni. Akinikumbatia, naenda kazini duka la dawa ninanuka moshi, na blauzi ina tundu la cheche. Mifuko yake yote imetoboka kwa nati. Na nampenda, jambo ambalo linaniudhi kuliko hayo yote.

Siku ya posa nilimwambia alete vitu viwili tu, baba yake mdogo na shati safi. Shati likaja na doa la grisi, na kwa nyuma mkokoteni umembeba babangu kafunikwa blanketi. Kumbe zile Jumapili alizojitia kupenda kanisa letu, alikuwa akikaa kiti cha nyuma anamchora Baba.

Posa haikusemwa. Baba alimwambia yule baba mdogo kwa heshima kwamba maji yapo ya kunywa lakini maneno hayapo. Kisha akamgeukia Joab.

"Kiondoe machoni pangu."

Nilimfuata Joab hadi uchochoroni, anasukuma mkokoteni, uso umemshuka.

"Mbona hukunambia, Dama?"

"Ningekwambiaje jambo nisilojua unalifanya?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Nimeshangaa, Joab. Na Mama kashangaa mpaka presha imempanda."

Akaniomba radhi njia nzima, na mimi, mjinga wa mapenzi, nikalainika. Nikamwambia amfiche tu huyo mzee wa chuma, nami nitazungumza na Baba pole pole. Siku zile Baba alianza hata kula vizuri. Nikadhani tumepona.

Ndipo simu ikalia niko kazini, ninamhesabia mteja vidonge.

"Dama, uko wapi?"

"Kazini, Baba."

"Mimi niko Ndia Kuu."

"Wafanyani huko?"

"Napigwa picha," Baba akasema. "Yuko mzungu kanikumbatia shingo. Na kifuani nimebandikwa kikaratasi. Dama, babako katiwa bei."

Niliacha vidonge juu ya meza. Kutoka Makadara hadi Ndia Kuu si mbali, lakini siku hiyo niliona kila mkokoteni wa Mombasa umekuja kunizibia njia. Nilipofika kwenye duka la Bi Mwanakuu, anayeuza vinyago na masanduku ya njumu za shaba, nikamkuta babangu wa chuma amesimama mlangoni, na babangu wa nyama amesimama kando yake, kakunja mikono. Watalii wawili walikuwa wakiwapiga picha wote pamoja. Walidhani Baba kawekwa pale makusudi.

"Mwanangu, mimi sina kosa," Bi Mwanakuu akaanza kabla sijasalimu. Joab alimwachia sanamu amwekee tu, kama anavyomwachia ndege na samaki wake. Naye kila kinachoingia dukani hubandika bei, ndiyo mazoea yake. "Huyu mzee alipopita hapa njiani nikajisemea, hawa wawili mbona wafanana hivi? Kumbe ni babako. Nisamehe sana, baba."

Baba hakumjibu kwa ubaya. Aling'oa kile kikaratasi, akakikunja, akakirudisha juu ya meza ya Bi Mwanakuu. Tukashika njia ya nyumbani.

"Koma za mababu zetu ziling'olewa usiku na wezi," akasema, "zikaletwa maduka kama hayo, zikauzwa ng'ambo. Mpaka leo kuna wazee kule kwetu hawajui babu zao wako nchi gani. Na huyu wako kanileta mchana, mwenyewe, kwa mkokoteni."

"Hakujua, Baba."

"Huyo hajui mara ngapi?"

Tulifika nyumbani. Niliingia chumbani nikamwandikia Joab:

"Babangu ametiwa bei dukani. Sina la kusema tena. Usinipigie."

Majibu yakaja yakifuatana.

"Dama nilikihifadhi tu. Kibarani wangekiiba wakakiuza kwa kilo."

"Dama."

"Niambie nifanye nini, nitafanya."

Nikaandika neno moja. "Kivunje."

Mtu aliyekuwa tayari kufanya chochote hakujibu usiku ule, hakujibu asubuhi. Nilingoja mpaka hasira ikanishinda, nikapanda tuktuk hadi Kibarani.

Nilimkuta ameketi juu ya tairi, grainda, mashine yake ya kukatia chuma, mapajani, haijawashwa. Sanamu alishairudisha kutoka Ndia Kuu, iko mbele yake. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moto wa kuchomelea.

"Nimejaribu," akasema.

"Naona ulivyojaribu."

"Dama, kila nikimaliza kitu naona nilipokosea. Sikio la punda, mguu wa korongo. Huyu nimemtazama sana, sioni. Sijui kama nitaweza kumfanya mwingine hivi tena." Akaiweka grainda chini. "Tukimpeleka kwa mjomba, Kisumu? Babako hatamwona kamwe."

Hapo nilichoka mpaka mifupa. Alikuwa bado anatafuta pa kumsimamisha.

"Babangu anajiona kafa kila akikumbuka hiki kitu kimesimama mahali," nikamwambia. "Akienda Kisumu atakuwa kafia Kisumu. Sikulazimishi, Joab. Kaa naye. Ila mimi siwezi kuolewa na mtu ambaye nikimwambia tunaumia, ananiuliza tukaumie wapi."

"Sijawahi kuvunja kitu nilichokimaliza."

"Na mimi sijawahi kumwacha mtu ninayempenda. Basi kila mmoja ajifunze lake."

Nikaondoka. Nililia ndani ya tuktuk mpaka dereva akazima redio kwa huruma, na nauli akataka kunisamehe.

Jumamosi yake, baada ya chai ya asubuhi, tukasikia hodi. Alikuwa Joab na mkokoteni wake, sanamu kailaza chali, safari hii bila blanketi. Kando yake kaweka grainda, nyundo na gunia. Nilitaka kumfukuza. Baba akanizuia kwa mkono.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kukitengua mbele yako."

"Kwani Kibarani hakuna umeme?"

"Upo. Lakini niliona si adabu kukukata peke yangu kule, bila wewe kujua imekwendaje."

Baba akamwita Mama apitishe waya wa umeme dirishani. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nianzie wapi?" Joab akauliza.

"Kichwa kiwe mwisho."

Joab akavaa miwani yake ya kazi. Hakukata ovyo. Alitafuta kila mahali alipochomelea, akakata hapo hapo, akatoa pande zima zima na kulilaza juu ya mkeka. Zikatoka nyayo, magoti, mbavu za springi za lori. Majirani walichungulia, kelele zikawachosha, wakaenda zao. Baba hakubanduka kigodani. Mikono ilipotolewa akaomba apewe mmoja.

"Huu ni mnyororo wa kreni."

"Ndiyo, Baba. Wa bandarini."

"Waliutupa?"

"Waliutupa."

Baba aliendesha kreni bandarini maisha yake yote ya kazi. Aliupitisha ule mnyororo vidoleni, pete moja baada ya nyingine. Alipofika kiganjani akakunja uso.

"Mbona kidole gumba umekificha ndani?"

"Ukikaa hukificha hivyo. Nilikuona kanisani."

Baba akauangalia mkono wake uliokuwa juu ya goti. Gumba lilikuwa limejificha ndani ya ngumi. Mimi mwanawe sikuwahi kuliona. Mama, aliyelala na mkono huo tangu ujana wake, akaegemea mlango akauma khanga.

Kikabaki kichwa. Joab alikiinua, kisha akaizima grainda. Alivua miwani. Alikuwa akilia kama mtoto, wala hakujificha, na mimi hasira zote nilizokuwa nimezipanga sikuziona zilikokwenda.

"Nikifa," Baba akasema, "utakumbuka vilivyokaa?"

"Vyote, Baba."

"Wazee watasema lazima mti. Nitawaambia mapema, n'kingali na mdomo." Akakohoa. "Hicho kichwa kiache kizima. Vitie vyote guniani. Usifanye ndege, usifanye samaki. Kaa navyo, na siku yangu ikifika wewe ndiye utanisimamisha."

Joab akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mtu baki simwachii mwili wangu," Baba akaendelea, akinigeukia mimi. "Kwa hivyo mwambie baba yake mdogo arudi. Na mara hii aje na maneno tu."

Tulioana Desemba. Tunakaa Tudor, chumba na sebule, na Joab bado anaokota nati njiani, bado ananitoboa blauzi. Gunia liko nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala. Ni zito kupita kiasi. Kila nikifagia lazima nilisukume kwa mguu, na nimeshajikwaa hapo mpaka ukucha ukang'oka. Nalalamika kila siku, na kila usiku namwomba Mungu aliache papo hapo, miaka na miaka.