Nelima na Pango la Tembo

Saa nne asubuhi, kama kawaida, wanafunzi wa darasa la sita walikaa kwenye ngazi za shule yao huko Kawempe, jijini Kampala, wakinywa uji. Na kama kawaida, Nelima alikuwa akisimulia.

"Mlima Elgon? Kwetu kabisa! Kuna pango ambamo tembo huingia, na miamba yenye michoro ya watu wa kale. Mimi nimeingia, nikamshika tembo mkia!"

"Banange, jamani! Hakukupiga teke?" aliuliza rafiki yake Aber.

"Tunajuana," Nelima alijibu kwa madaha.

Ukweli ni kwamba aliyezaliwa huko ni baba yake, Khaemba. Nelima hakuwahi kutoka nje ya Kampala.

Mchana Mwalimu Oola aliingia darasani akitabasamu. "Ijumaa tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon! Ila basi ni dogo. Aliyekwisha kufika huko atawapisha wenzake."

"Nelima amefika, Mwalimu!" Hamim alipaza sauti kutoka dawati la nyuma. "Tembo ni rafiki yake!"

Safari hiyo Nelima aliitamani kuliko kitu chochote, lakini akisema kweli watamcheka. Akainamia daftari, akajifanya anaandika.

Jioni alimkuta baba yake kibandani, akishona viatu. "Baba, tembo hufuata nini pangoni?"

"Chumvi. Hukwangua ukuta kwa pembe, kisha hula ule udongo. Kwani mwalimu amewapa kazi?"

Nelima akaangua kilio, akasema yote. Baba alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Kesho kamwambie mwalimu. Mimi sikusemei."

Asubuhi Nelima alisimama mbele ya darasa. "Mwalimu, nilidanganya. Sijafika huko. Tembo nimemwona kwenye boksi la kiberiti tu. Hata kama kiti kimekwisha kwenda kwa mwingine, nilitaka mjue."

Darasa zima lilicheka, Aber kuliko wote. Nelima aliona haya sana, halafu naye akajikuta anacheka.

"Kiti chako nilikipa sufuria ya matoke, ndizi zetu za chakula cha safari," alisema Mwalimu Oola. "Sasa utakaa wewe, na sufuria utaipakata mpaka mlimani."

"Nitaipakata, Mwalimu! Hata mbili!"

"Moja inatosha. Lakini sikiliza, na ninyi wengine sikilizeni. Mtu akisema hajafika, tunampeleka. Akisema hajui, tunamfundisha. Lakini akidanganya kwamba amefika, nani atahangaika kumpeleka?"