Mgeni wa Mipapai Saa Moja Kasoro

Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, fundi cherehani alifunika mashine yake na kuchukua bomba la dawa ya wadudu. Nyuma ya nyumba palikuwa na mipapai minne: mitatu majike na mmoja dume. Chini yake vilitambaa viazi vitamu. Alinyunyizia majani ya viazi kwanza, kisha maua ya mipapai. Hakuruka hata ua moja.

Hata hivyo mipapai haikuzaa. Maua yalichanua, yakanyauka, yakaanguka.

"Jumamosi naikata," mumewe alisema wakila. Alikuwa mchomeleaji, na mageti ya wateja yalikuwa yamejaa hadi sebuleni. "Pale nitajenga kibanda cha kazi. Mwaka na ushee tunamwagilia mapambo."

"Itazaa."

"Lini?"

"Kuna nondo wakubwa wanakuja jioni kutoboa maua. Nikiwamaliza, itazaa."

"Nondo ninazozijua mimi ni za chuma. Hizo hazijawahi kuniangusha."

Mkewe alicheka, lakini moyoni hakucheka. Mipapai ile aliipanda mwenyewe kwa mbegu. Hakuwa tayari kuiona ikilala chini.

Kesho yake, Jumatano, jirani yao alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa mpiga picha mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti. Alimkuta fundi na bomba mkononi.

"Dada, unampulizia nani?"

"Nondo. Ana mwili kama kidole gumba na mdomo mrefu kama uzi. Anatoboa maua yangu."

"Umemwona akitoboa?"

"Nimemwona akichomeka mdomo."

"Sindano yako ikipita kwenye tundu la kifungo, imetoboa kifungo?"

 Swali lilikuwa la haki.

"Ule mdomo ni mrija," mpiga picha alieleza. "Anafyonzea maji matamu ya ua. Mimi namwita nondo mwewe, kwa kasi yake. Akiingia kwenye ua la dume, unga wa manjano unamganda. Ndio chavua. Akienda kwenye ua la jike, anauacha huko. Ndipo papai linashika. Wewe unamfukuza mshenga, halafu unauliza harusi iko wapi."

"Na viwavi wenye pembe mkiani wanaonilia viazi?"

"Hao ni watoto wake. Waokote kwa mkono asubuhi, uwahamishie kwenye yale magugu yanayotambaa kwenye uzio. Yanafanana na viazi, watakula. Dawa weka chini."

Fundi aliliweka bomba chini. "Mume wangu hataamini maneno. Yeye anaamini anachokiona."

"Basi tumwonyeshe. Maua mapya yanafunguka kila jioni, na hayo hayana dawa."

Jioni ile ile fundi alijaribu. Nondo alipotokea, alimkimbilia na simu, taa ikamulika. Alipata doa jeupe na jani la kiazi.

"Picha nzuri ya jani," mpiga picha alisema. "Taa kali inamfukuza. Na usimfuate yeye. Lisubiri ua, atakuja."

Alhamisi walifanya kazi kwa utaratibu. Walifunga simu kwenye kigoda kwa lastiki ili isitikisike. Walifunika tochi kwa kitambaa chekundu kilichokunjwa mara mbili, kwa sababu nondo haoni vizuri mwanga mwekundu. Fundi aligusa kioo mahali palipokuwa na maua ya dume na ya jike yaliyokaribiana ili simu iyalenge. Kisha akawasha video na kukaa mbali.

Saa moja kasoro dakika kumi, nondo alifika. Alisimama hewani mbele ya ua la dume, mabawa hayaonekani kwa kasi. Akakunjua mrija, akanywa. Kisha akahamia mpapai wa pembeni, kwenye ua la jike. Baadaye walisimamisha video na kutoa picha mbili safi.

Ijumaa mumewe alizikuza picha kwa vidole viwili. Alizichunguza kama anavyochunguza kiungo cha chuma.

"Unga huu kwenye mrija ni wa ua lipi?"

"La dume."

"Na hapa?"

"Ua la jike, sekunde tisa baadaye. Saa imeandikwa chini."

"Na dawa alikuwa anapiga nani?"

"Mimi," alisema, bila kuzungukazunguka. "Kosa lilikuwa langu, si la miti. Nimeliacha."

Mumewe alimrudishia simu. "Nakupa miezi miwili. Kibanda nitakijenga kando ya geti."

Wiki ya tatu, vipapai vya ukubwa wa punje ya harage vilishika. Mwezi wa pili ulipokwisha, mipapai mitatu ilikuwa na matunda thelathini na moja, na hakuna aliyetaja tena kuikata.

Mwezi wa sita papai la kwanza liliiva. Fundi alilipasua mezani. Ndani palijaa mbegu nyeusi, zinang'aa. Mumewe alichukua kijiko azikombe azitupe.

"Zihesabu kwanza," mkewe alisema.

Alihesabu hadi mia mbili, akachoka. Nusu nzima ilikuwa bado haijaguswa.

"Kila mbegu nondo ameiletea chembe yake ya chavua," mkewe alisema. "Moja moja."

Mumewe aliweka kijiko chini.

"Huyo mfanyakazi," akasema, "ningempata karakanani kwangu, nisingemwacha aondoke."