Kiazi Langoni kwa Daktari

Wananchi watukufu, wake kwa waume! Kwa hiari yangu, bila kusukumwa na mtu yeyote, nimeona niuelimishe umma kuhusu mbio za masafa marefu za farasi. Nina uzoefu wa muda mrefu. Yaani likizo mbili.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Mchana anashona, jioni anampanda Kiazi. Kiazi ni farasi jike wa kahawia, mnene kama jina lake. Babu hubeba ndoo za maji. Mimi hubeba maneno.

Mwaka huu Kiazi alisimamishwa mara mbili katikati ya mbio. Daktari wa mifugo alisema moyo wake unapiga kwa kasi mno.

"Labda ninamtesa," Shangazi alisema, akimchana shingo. "Akisimamishwa tena, naacha. Yeye ale majani, mimi nishone vifungo."

"Usimlilie aliye hai," Babu akasema. "Kuuliza si ujinga. Twende kwa daktari."

Tulimkuta akimkata mbuzi kwato. Ni mama mfupi mwenye kofia pana ya majani makavu.

"Langoni kwangu unafikaje?" alimuuliza Shangazi.

"Mbio, daktari! Nisipoteze muda."

"Hapo ndipo unapoupoteza." Alimwachia mbuzi. "Sikiliza. Njia yetu ina mizunguko mitatu. Kila mzunguko unaishia langoni, ninapowapima farasi. Ukifika, una dakika kumi na tano. Ndani ya muda huo mapigo ya moyo yashuke hadi sitini na nne kwa dakika, au chini yake. Yakishuka, mapumziko ya dakika arobaini yanaanza. Kabla ya hapo, saa ya mbio bado inakuhesabia. Muda ukiisha hayajashuka, safari imekwisha."

"Sasa nifanyeje?"

"Kilomita ya mwisho, shuka utembee naye. Ukifika, vua tandiko. Mwagia maji shingoni na kifuani, yakwangue yakipata moto, mwagia tena. Mpe anywe. Mpime mwenyewe kwanza. Akiwa tayari, mlete."

"Na kinywani unamtafutia nini?" nikauliza. "Jino la dhahabu?"

Babu alinifinya. Daktari alicheka.

"Nabonyeza ufizi, bibi mdogo. Rangi ikirudi upesi, damu inatembea vizuri. Nafinya ngozi, ikichelewa kulala, amepungukiwa maji. Nasikiliza tumbo, tumbo lililo kimya linanitisha. Kisha anakimbia mchakamchaka, nione kama anachechemea. Farasi hawezi kusema 'nimechoka.' Mimi ndiye ninayemsemea."

Siku ya mbio ikafika. Mzunguko wa kwanza, Shangazi alikuja akitembea, hatamu mkononi. Tukamwagia maji, tukakwangua, tukamwagia tena. Daktari akapima: hamsini na sita! Kiazi alikula majani dakika arobaini nzima, mdomo wa chini ukining'inia kama mzee aliyesinzia. Shangazi akambusu pua.

Mzunguko wa pili, Babu alimpima mwenyewe: sitini. Tukaingia langoni tukitabasamu.

Daktari akasikiliza. Akasikiliza tena.

"Sabini na mbili."

Mikono ya Shangazi ilianguka. Kiazi alikuwa amesimamisha masikio, macho yamemtoka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ajabu," daktari akasema. "Fizi nzuri, tumbo linanguruma, hachechemei. Moyo hupanda kwa uchovu au maumivu. Lakini hupanda pia kwa hofu, au kwa hamu ya kitu. Mna nafasi moja tu ya kurudi. Zimebaki dakika nne. Kuna kinachomsisimua?"

"Hakuna," Shangazi akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kitambaa alichoshika alimfutia Kiazi jasho badala ya kujifuta mwenyewe.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilitoa mkono mfukoni haraka. Karatasi ya peremende ikalia: krash! Kiazi akanyoosha shingo, akaidaka kofia ya daktari kwa meno.

Watu wote wakanigeukia.

"Nani amemfundisha hivi?" daktari akauliza, kichwa wazi.

"Mimi," nikasema. "Akisikia karatasi, anyakue kofia, nimpe peremende. Nilikuwa nakungoja wewe. Nimeichezea mfukoni tangu tulipoingia."

"Toka," Shangazi alisema polepole. Afadhali angepiga kelele.

Nilienda nyuma ya uzio na peremende zangu. Nikahesabu sekunde. Sijawahi kusali hivyo, hata kabla ya mtihani wa hesabu.

"Hamsini na nane!" daktari akatangaza.

Kiazi alimaliza mbio akiwa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Daktari akampima mara ya mwisho, maana kwetu farasi asiyepita kipimo cha mwisho hahesabiwi kuwa amemaliza. Akapita. Shangazi alimkumbatia shingo hata akalowa kifua kizima. Haachi tena.

Sasa Shangazi amesimama nyuma yangu, anasoma.

"'Kwa hiari yangu'?" anauliza. "'Bila kusukumwa'?"

Haya, nakiri. Hii ni adhabu. Aliitoa daktari, ambaye kofia yake sasa ina matundu ya meno. Niandike haya, yabandikwe langoni, kila mpanda farasi ayasome. Peremende alizila Babu, kama ushahidi.

Lakini kwenda zizini kila asubuhi kumwomba Kiazi radhi, hilo hakuna aliyenituma.